Maji yanatoka barabarani na hakuna mvua: namna ya kuyatambua, kuyapima na kuyaondoa

Dar es Salaam ina mitaa ambayo haikauki. Masika yamekwisha Mei, Julai imepita na upepo wake wa kusi, Agosti vumbi linatimka kila kona, lakini kuna kipande cha barabara, pengine hatua ishirini tu, ambacho kimelowa usiku na mchana. Lami imebanduka, utelezi wa kijani umeota ukingoni, na bodaboda wanaoujua mtaa wanapunguza mwendo kabla hawajafika. Wasioujua wanaanguka. Nimewahi kumwinua mtoto wa shule mahali kama hapo, sare imelowa tope hadi kiunoni na goti linatoka damu, na tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza mtu akisema hayo ni maji kidogo tu.

Nimeandika mwongozo huu kwa mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, kwa fundi sanifu kijana aliyepangiwa kata yake ya kwanza, na kwa mkazi aliyechoka kuruka dimbwi lilelile mlangoni kwake. Ofisi ninazozitaja ni za Dar es Salaam. Anayekaa Tanga, Unguja au Mombasa atabadilisha majina ya ofisi. Maji yana tabia ileile.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili: usimwage kifusi kabla hujajua maji yanatoka wapi. Kifusi hakizuii maji, kinayahamisha. Yatatokea mita tano mbele, au chini ya msingi wa nyumba ya jirani, na mtakuwa mmepoteza lori tatu za moramu na imani ya watu.

Kwa nini ardhi inatoa maji kiangazi

Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga, na mahali pengi chini ya mchanga huo kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, maji yanazama mchangani kwa urahisi mpaka yanapofika kwenye mfinyanzi. Hapo yanakwama, yanajikusanya, kisha yanaanza kutembea taratibu kufuata mteremko kuelekea bondeni au baharini. Safari hiyo inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana mvua ya Aprili inaonekana barabarani Julai. Ukichonga barabara kwenye ubavu wa kilima umeikata njia yao, nayo yatachungulia palepale ulipokata. Na kwenye maeneo ya chini karibu na bahari au kando ya Bonde la Msimbazi, maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi. Yakipanda nusu mita tu baada ya masika, yako juu ya lami.

Lakini mvua si chanzo pekee, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Jiji hili lenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022 linaletewa maji kutoka Mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu, baada ya kupanuliwa, ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 na milioni 196 kwa siku. Maji hayo yakishafua nguo na kuogesha watu yanakwenda wapi? Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Yanaingia kwenye makaro na mashimo ya vyoo, yaani mchangani humohumo. Ongeza yale yanayovuja njiani kabla hayajafika kwenye mita. Kila siku tunauchukua mto, tunauleta mjini, halafu sehemu yake kubwa tunaizika chini ya mitaa yetu.

Miji ya Ghuba imeliona jambo hili bila hata mvua ya maana. Kuwait, Doha na Jeddah zimeshuhudia maji ya ardhini yakipanda kwa sababu ya maji ya bahari yaliyotolewa chumvi na kuletwa mjini, bustani zinazomwagiliwa, mabomba yanayovuja na makaro. Ikabidi kufukia mabomba ya kuyakusanya na kuweka pampu za kuyatoa. Kwa hiyo mtu akikuambia "hapa pana chemchemi ya asili", mheshimu, lakini hakikisha kwanza.

Hatua ya kwanza: waulize wanaoishi na maji hayo

Usianze na vifaa, anza na watu. Mtaa mmoja wa Kinondoni tulihangaika wiki mbili na maji yaliyokuwa yakitoka katikati ya barabara. Ofisi iliyotangulia ilikuwa imeshafukia mara mbili na kuandika kwenye faili kuwa ni chemchemi. Pembeni palikuwa na mama anakaanga maandazi tangu alfajiri. Siku ya kumi na kitu ndipo nilipokaa kwenye benchi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado mnatafuta maji?"

"Bado, mama."

"Mbona Jumatano na Jumamosi huwa yanapungua? Siku hizo hata sisi mabombani hatupati."

Siku za mgao! Chemchemi haijui ratiba ya mgao. Lilikuwa bomba. Mafundi wa mamlaka ya maji walipokuja usiku na fimbo ya chuma ya kusikilizia, magari yametulia, waliisikia sauti ya mvujo mita kumi na mbili upande wa juu wa mteremko kutoka pale maji yalipokuwa yakitokea. Maji yalikuwa yakisafiri ndani ya mtaro wa zamani wa bomba, ambao mchanga wake ulikuwa umelegea, na kuchomoza kwenye ufa wa lami.

Kwa hiyo uliza: yalianza mwaka gani, na mwaka huo kulijengwa nini? Yanazidi saa ngapi? Yakizidi asubuhi na jioni watu wanapooga, fikiria makaro na chemba. Yakizidi usiku wa manane, fikiria bomba, kwa sababu usiku watu hawatumii maji na presha inapanda. Yakibaki vilevile saa zote lakini yanapanda na kushuka kwa miezi kufuata masika na vuli, hapo una maji ya ardhini. Kwa mitaa ya pwani uliza na wavuvi pia: wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa mita 3 hivi, na mitaro inayomwaga baharini hurudisha maji nyuma. Ukiona maji ya mtaani yanafuata bamvua na maji mafu (siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana), tatizo lako liko kwenye mdomo wa mtaro, halipo chini ya lami.

Hatua ya pili: yatambue maji yenyewe

Kwanza, usiyaonje. Nimeona mafundi wazima wakichovya kidole na kulamba. Maji yaliyopita kando ya mashimo ya vyoo yanaweza kuwa meupe kama ya chupa na bado yakakulaza hospitali.

Tumia kipima chumvi cha mkononi, kile kidogo kama kalamu. Pima maji ya barabarani, kisha pima maji ya bomba ya mtaa huohuo na ya kisima kifupi cha karibu. Maji ya Ruvu hayana chumvi ya kutisha. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Maji ya barabarani yakifanana na kisima kuliko bomba, umepata ushahidi wa kwanza.

Kisha tafuta klorini. Vidonge vya kupimia klorini, vile vinavyotumika kupima maji ya mabwawa ya kuogelea, vinatosha: maji yakigeuka rangi ya waridi, yametoka bombani na hayajasafiri mbali. Yasipogeuka, usiamue chochote, maana klorini huisha haraka ikipita kwenye udongo. Wenzetu wa miji ya Marekani wana njia moja ambayo sisi hatuna: miji mingi huko huongeza floraidi kwenye maji ya bomba, na floraidi haipotei udongoni upesi kama klorini, hivyo wanaipima maabara na kujua moja kwa moja kama ni maji ya bomba. Sisi hatuongezi floraidi, kwa hiyo kipimo hicho hakitatusaidia.

Kwa majitaka, pua ni shahidi mzuri lakini si wa kutosha. Chukua sampuli mbili kwenye chupa safi, zipeleke maabara ndani ya saa chache zikiwa kwenye barafu, uombe kipimo cha amonia, naitreti na vimelea vya kinyesi. Kama mnashuku karo la nyumba fulani, ongeeni na mwenye nyumba kwa staha, mkubaliane, kisha mwage rangi isiyo na madhara chooni na kusubiri. Rangi ikitokea barabarani kesho yake au baada ya siku tatu, mmemaliza ubishi bila kugombana.

Kuna dalili moja inayowachanganya watu sana. Kando ya maji utaona ute wa rangi ya machungwa na juu yake utando unaong'aa kama mafuta. Wakazi husema ni dizeli ya gereji. Chukua kijiti uuguse utando huo. Ukivunjika vipande vipande kama sahani na vipande vikabaki mbalimbali, ni bakteria wanaoishi kwa chuma kilichomo kwenye maji ya ardhini. Ukirudi na kujiunga palepale, hayo ni mafuta kweli, na jambo hilo ni la NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira.

Hatua ya tatu: pima kwa ndoo, na uandike

Jenga kizuizi kidogo cha udongo ili maji yote yapite sehemu moja, weka kipande cha bomba, kisha kinga ndoo ya lita 20 na utazame saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, una nusu lita kwa sekunde. Inaonekana kidogo, lakini kwa siku nzima ni lita 43,200, sawa na malori manne ya maji ya lita 10,000 na ziada. Ukimwonyesha mhandisi namba hiyo hawezi tena kukuambia yatakauka yenyewe.

Pima kila wiki siku ileile, saa ileile. Kwenye daftari andika tarehe, sekunde za ndoo, kama mvua ilinyesha, kama siku hiyo ilikuwa ya mgao. Piga picha ukiwa umesimama mahali palepale. Miezi mitatu ya daftari la aina hiyo ni kitu kizito kuliko barua kumi za malalamiko, na nimeona bajeti ikipatikana kwa sababu ya daftari la mjumbe mmoja wa shina aliyekuwa na subira.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwisho wa Mei, maji yakiwa yamepanda kabisa. Anayepima Septemba peke yake atatengeneza mfereji mdogo kuliko unaohitajika.

Hatua ya nne: peleka kwa mwenye jukumu

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mabomba ya maji safi na ya majitaka ni ya DAWASA. Maji ya ardhini yenyewe, visima na vibali vya kuyavuta au kuyaelekeza, yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Matatizo mengi hukaa miaka kwa sababu barua ilikwenda kwa mmoja, naye akajibu kuwa si lake.

Dawa ni kuwaita wote mahali pamoja. Andika barua moja kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na ofisi zote zinazohusika, ambatisha daftari, picha na majibu ya maabara, na uombe siku moja ya kukagua kwa pamoja. Usiandike "tunaomba barabara itengenezwe". Andika: maji yanatoka hapa, kiasi hiki, tangu tarehe hii, hayana klorini, yana chumvi kama ya kisima, yamemwangusha mtu siku fulani. Mhandisi akija akakuta mtaa umeshajibu nusu ya maswali yake, anakaa na kuuliza nusu iliyobaki.

Hatua ya tano: wakati mnasubiri, pawe salama

Suluhisho la kudumu linaweza kuchukua miezi. Katika muda huo maji yasisambae barabarani. Chimbeni mfereji mwembamba wa kuyapeleka kwenye mtaro wa karibu kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, wa nusu siku, na pale yanapokatiza barabara wekeni bomba fupi na kulifukia vizuri. Sugueni utelezi wa kijani kwa ufagio mgumu kila wiki; ndio unaoangusha watu kuliko mashimo. Wekeni alama inayoonekana usiku. Maji yasituame wiki nzima, kwa sababu mbu anahitaji siku saba hadi kumi hivi kutoka yai mpaka kuruka, na Dar es Salaam imeshapigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na 2019.

Kama yamethibitika kuwa na kinyesi, msiyapitishe mbele ya nyumba za watu kwenye mfereji wa wazi. Hilo linaanzia kwenye karo: lipakuliwe, litengenezwe, ndipo mzungumzie barabara.

Hatua ya sita: fungua ardhi uone

Kazi hii inahitaji kibali cha mwenye barabara na mtu anayejua nyaya za umeme na mabomba yamepita wapi. Chimba mashimo matatu madogo ya uchunguzi: moja upande wa juu wa barabara, moja ukingoni mwa lami, moja upande wa chini. Mita moja na nusu inatosha mahali pengi. Asiingie mtu kwenye shimo linalomzidi kiuno bila kuegemeza kuta kwa mbao. Mchanga uliolowa huanguka bila kutoa sauti.

Sitasahau shimo moja tulilochimba kwenye mteremko. Sentimita sabini za kwanza mchanga mkavu mwekundu, unamiminika kama sukari. Halafu rangi ikabadilika ikawa ya kahawia. Kijana aliyekuwa anachimba akasimama, akaweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa kilimani. "Unatoa jasho huu," akasema. Kweli, matone yalikuwa yakichomoza moja moja, ukuta wa upande mwingine mkavu kabisa. Sentimita 110 sululu likagonga mfinyanzi wa kijivu, mgumu, unaong'aa kama sabuni. Maji yote yalikuwa yakitembea juu yake, kwenye unene usiozidi mikono miwili. Katika dakika kumi tulijua kina cha mfereji, upande wa kuuweka, na kwa nini lami ilikuwa ikifa kila mwaka.

Kabla hujafukia, simamisha ndani ya kila shimo bomba la plastiki la inchi mbili lililotobolewa matundu upande wa chini, lenye kifuniko juu. Utakuwa unashusha kamba yenye uzito na kusoma maji yako kina gani, masika na kiangazi.

Hatua ya saba: yakamate maji kabla hayajafika kwenye lami

Elewa kwanza maji yanavyoua barabara. Tairi likikanyaga lami iliyolala juu ya udongo wenye maji, maji yanabanwa na kutafuta pa kutokea. Simama kando lori linapopita: utaona tope jembamba linaruka kutoka kwenye ufa. Tope hilo ni msingi wa barabara unaotoka kidogo kidogo. Baadaye linabaki pango, na lami inaporomoka. Kuongeza lami juu yake ni kuvika shati jipya juu ya kidonda.

Kuinua barabara ni jambo jingine nililoliona mara nyingi, na nalipinga karibu kila mahali. Barabara inakuwa kavu, nyumba zinageuka mabwawa. Kuna familia Dar es Salaam zinazoshuka ngazi kuingia sebuleni kwa sababu barabara imeinuliwa mara mbili. Pevingi zina nafuu, maana zinaweza kung'olewa na kurudishwa, na zege linavumilia unyevu kuliko lami, lakini vyote vinahitaji maji yaondolewe chini yake.

Kinachofanya kazi kwenye mteremko ni mfereji wa kokoto uliofukiwa, upande wa juu wa barabara, kati ya kilima na lami. Unachimbwa sambamba na barabara, upana wa sentimita 40 hadi 60, ukifika chini ya matabaka ya barabara na, ikiwezekana, ukagusa mfinyanzi maji yanapotembelea. Ndani yake kunatandikwa kitambaa cha jiotekistaili, kile kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Juu ya kitambaa kokoto safi za milimita 20 hivi, zimeoshwa, zisizo na vumbi. Juu ya tabaka hilo la kwanza unalazwa bomba la plastiki lenye matundu, la milimita 100 hadi 160, matundu yakiangalia chini. Hapa mafundi hubisha kila mara, wanataka yaangalie juu. Maji yanajaa kutoka chini kwenda juu, hivyo matundu ya chini yanayapokea mapema na kuushusha uso wa maji zaidi. Kisha kokoto tena, kitambaa kinakunjwa juu kama unavyofunga kitumbua kwenye karatasi, na sentimita 30 za mwisho zinafungwa kwa udongo usiopitisha maji ili mvua ya juu isiingie na takataka zake.

Usikubali kuachwa kwa kitambaa. Mchanga wetu ni laini mno. Bila kitambaa utaingia kwenye kokoto na kuziba mfereji baada ya misimu michache, au mbaya zaidi utatoka na maji na kuacha pango chini ya barabara.

Mteremko wa bomba usipungue nusu mita kwa kila mita 100. Weka chemba ndogo ya ukaguzi kila mita 50 hivi na kila penye kona.

Sasa swali ambalo lilipaswa kujibiwa kabla ya kununua hata kokoto moja: maji yanatokea wapi? Kazi nyingi zimeharibika hapa. Mdomo wa bomba lazima uwe juu ya sakafu ya mtaro unaoyapokea, angalau sentimita 15, uwe na wavu wa kuzuia panya, na mtaro huo uwe unakwenda mahali kweli, kwenye mto au baharini. Usiunganishe na chemba ya majitaka hata kama iko hatua tatu. Lita 43,000 za maji ya ardhini kila siku zitajaza bomba lililojengwa kwa kazi nyingine na kuyavuruga mabwawa ya kutibu majitaka kama yale ya Vingunguti, na mvua kubwa ya kwanza itayarudisha majitaka vyooni mwa watu. Kama mdomo unaathiriwa na bahari, weka kifuniko kinachofunguka upande mmoja, maji yatoke lakini yasirudi.

Kwenye tambarare ambako hakuna pa kuyashushia, inabaki pampu. Mfereji wa kokoto unaingia kwenye kisima cha zege, pampu inayapandisha kwenye mtaro ulio juu. Watu huogopa umeme, lakini umeme si mwingi: kuinua lita zile 43,200 kwa mita 3 ni uniti moja au mbili kwa siku. Kinachoua pampu ni kukosa mtu. Nani ana ufunguo? Nani analipia luku? Ikiibiwa nani ananunua? Kama hamna majibu yaliyoandikwa na kusainiwa, msifunge pampu.

Na wakati wote huo punguzeni kinachoingia. Mvujo mmoja uliozibwa unaweza kuwa na thamani ya mita mia za mfereji. Penye bomba la majitaka, nyumba ziunganishwe. Mitaa ya maghorofa ina chanzo kingine: wajenzi wanaochimba vyumba vya chini wanavuta maji ya shimo usiku na mchana na kuyamwaga barabarani. Waombwe kibali chao cha kumwaga, na maji yapite kwanza kwenye tangi la kutuliza mchanga, kisha yaende mtaroni kwa bomba.

Hatua ya nane: anayebaki kuutunza

Ujenzi ufanyike kati ya Juni na Septemba. Baada ya hapo, mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, fungueni chemba zote, mtoe mchanga na chupa, msukume maji kwa mpira kutoka chemba ya juu na kuangalia kama yanafika chini kwa nguvu ileile. Pale penye ute wa machungwa fanyeni mara nne, kwa sababu ute huo hujenga ukuta ndani ya bomba. Miti mikubwa isipandwe juu ya mfereji. Mizizi ya mwarobaini na mkungu hufuata maji mpaka ndani ya matundu.

Endeleeni na ndoo, safari hii mkiikinga kwenye mdomo wa bomba. Mtiririko ukipungua ghafla wakati vile vibomba vya uchunguzi vinaonyesha maji bado yako juu, mfereji umeziba mahali, na chemba zitawaonyesha wapi. Mwisho, kila mnapokinga, acheni ndoo itulie dakika tano kisha mimineni maji taratibu na kutazama kinachobaki chini. Punje chache za mchanga wiki za mwanzo ni kawaida. Mkikuta kiganja cha mchanga mwezi wa sita, kitambaa kimechanika au kiungo kimeachia, na kuna shimo linalojengeka chini ya barabara sasa hivi. Zuieni magari mazito siku hiyohiyo na mwiteni mhandisi kabla lami haijashuka.